Upande Wake wa Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Godoro limelowa tena. Dirisha la juu linavuja palepale nilipoliziba wiki iliyopita. Nimeamka mgongo baridi, nikalikokota godoro nje kulianika — mvua ikaja. Nikalirudisha ndani — jua likatoka. Nilikaa chini nikacheka peke yangu kama mwehu.

Miaka saba mimi na Baba Watoto tunaishi ndani ya mashua. Watu wa nchi kavu wakisikia hivyo wanashusha pumzi kwa wivu: oh, uhuru, upepo! Waje waoge kwa jagi moja. Kila kitu changu kina chumvi. Taulo, kurasa hizi, hata nyusi.

Baba Watoto kavunja kikombe kingine. Kile chenye maua. Nilikiweka karibu na kiwiko chake, akakipiga kama anafukuza nzi. Nikamwambia tutaishia kunywea chai kwenye sufuria. Akasema meza ni ndogo. Meza ni ileile!

Mchana Nesi alikuja na boti yake akipiga kasia. Yeye na mumewe ndio majirani zetu hapa nangani, mashua yao ya kijani iko karibu kiasi kwamba tunawasikia wakikoroga chai. Alistaafu hospitali lakini bado anakutazama kama anakupima joto. Mumewe tunamwita Kelele, kwa sababu hasemi. Nesi kasema Jumatano maji yatajaa vizuri, twende na boti ndogo ndani ya mikoko, tupekue ile mikono ya bahari inayoingia msituni. Na huko mwisho kabisa kuna chemchemi. Maji matamu! Ya kujimwagia kichwani bila kupima! Nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya gundi. Boti ya mpira ina tundu, Baba Watoto kaiziba kwa kiraka, mimi nimeshika kiraka hadi vidole vikagandiana. Nimeshona pia pembe ya tanga iliyochanika. Sindano kubwa, macho madogo. Bega linawaka.

Binti alipiga simu. Mtandao unakatika, nimepata maneno kama mtu anayesoma gazeti lililofungiwa maandazi. Mjukuu kaota jino. Mnafika lini? Nikamwambia muulize baba yako, yeye ndiye nahodha. Baba yake akachukua simu, akasema Jumamosi tunang'oa nanga, bahari kuu siku tano, Mungu asipopenda, sita. Alisema kama anayesema nakwenda dukani.

Siku tano za zamu. Yeye usukani, mimi kulala. Mimi usukani, yeye kulala. Nilikuwa nikizipenda hizo zamu. Sasa nikizifikiria tu mwili unakataa, kama punda aliyeona mzigo.

Sikumwambia. Nilikunja tanga.

Jumatano, 5 Machi

Naandika jioni, mikono bado inanuka tope. Nianze mwanzo. Nikianza mwisho nitaacha.

Asubuhi ilikuwa nzuri. Tuliondoka maji yakiingia, boti mbili: Nesi na Kelele mbele, sisi nyuma. Nilibeba mkate, mayai ya kuchemsha, chupa ya chai, sabuni, na taulo pekee lililo kavu. Baba Watoto kaketi nyuma kwenye injini, kofia kaisukumia kisogoni, anapiga mluzi. Maisha yake yote ya kazi alikuwa dereva wa basi. Hajawahi kugonga hata kuku — hilo atakuambia kabla hujamuuliza jina. Akishika chombo chochote kinachogeuka, mabega yanashuka, anakuwa kijana.

Mlango wa mkondo ni mpana. Ukiingia unagawanyika, unagawanyika tena, hadi mikoko inakumbatiana juu ya vichwa vyenu. Kimya. Maji rangi ya chai iliyokolea. Kaa wadogo wekundu wanapanda mizizi. Ndege mmoja mweupe kasimama kwa mguu mmoja, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa. Kwa muda nilisahau maumivu ya magoti yangu.

Mara — krrr! Tumekwaruza ukingo wa kushoto. Mizizi huku imeota chaza wakali kama viwembe, na sisi tumekalia mpira! Nikamwambia, dereva umelala? Akasema mkondo unavuta. Tukaenda kidogo. Krrr tena. Kushoto. Nikatumbukiza mkono majini nione huo mkondo unavyovuta. Maji yalikuwa yamelala kama maji ya beseni.

Kisha yule mtu.

Alitoka kwenye kijito cha kushoto, mtumbwi mwembamba, kapu la kaa mbele yake, anasukuma kwa mti mrefu. Mtu mzima, shati la bluu. Nilimwona. Nesi na Kelele walishapita, nao walimwona, Nesi hata alimpungia mkono. Nilingoja Baba Watoto apunguze mwendo. Hakupunguza. Nikageuka, nikamwona anatazama mbele, anapiga mluzi wake, na mtumbwi uko pale pale! Nikapiga yowe. Alishtuka akakata kulia, kachelewa. Tulimgonga ubavuni. Mtumbwi ukapinduka, mtu akaenda chini, kapu likafunguka.

Mungu wangu, sekunde zile. Kofia ya yule mtu ikaelea. Kisha akaibuka, anatema maji, kashika mzizi, mkono unachuruzika damu.

"Wewe bwana! Huoni?"

Alisema kama mtu yeyote angesema. Baba Watoto akasema, kwa sauti ya dereva anayebishana na askari:

"Umetokea ghafla!"

Na hapo Kelele, aliyekuwa amesharudi na boti yao — Kelele ambaye tangu tumjue hajamaliza sentensi mbili kwa siku — akasema polepole:

"Hakutokea ghafla. Sote tulimwona."

Mzizi ulidondosha tone la maji. Nililisikia.

Tulimtoa mtega kaa, tukageuza mtumbwi, Kelele akachota maji kwa kopo. Nesi alimfunga mkono, jeraha la chaza, refu lakini si la ndani. Mtega kaa mwenyewe ndiye aliyetuonea huruma. Alitazama kapu tupu akasema haya, leo kaa wamepewa msamaha wa rais. Tulicheka kuliko utani ulivyostahili. Nilimpa mkate wote na taulo kavu. Baba Watoto akampa kamba mpya, ile aliyoinunulia nanga, akamwomba radhi akimtazama miguuni. Akakubali. Akaondoka zake akisukuma kwa mkono mmoja, akigeuka geuka kutuangalia.

Tungerudi. Lakini hakuna aliyesema turudi, basi tukaendelea. Ndivyo watu wanavyofanya mambo.

Chemchemi ipo kweli. Jiwe kubwa, maji yanatoka chini yake, kidimbwi cha kiunoni. Kwanza tulikula mayai. Nesi akasimama kushoto kwa Baba Watoto, nyuma kidogo ya bega, akanyoosha mkono wenye yai. Baba Watoto anatafuna tu, anatazama maji. Nesi akausogeza mkono mbele taratibu, taratibu, ukafika karibu na shavu. Ndipo aliposhtuka! Akacheka: shemeji unaniwinda? Nesi naye akacheka. Lakini aliponitazama mimi hakuwa anacheka.

Wanaume wakaenda kuangalia boti. Sisi tukaingia majini. Nilikuwa na povu kichwa kizima Nesi aliposema:

"Dada, tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Jicho la shemeji. La kushoto limezima kabisa, na la kulia sina uhakika nalo."

Povu likaniingia machoni. Nikaona vikombe. Kimoja baada ya kingine, vyote. Nikaona anavyokaa siku hizi, lazima mimi niwe kulia kwake, hata kitandani tumebadilishana pande na mimi nikadhani ni kwa ajili ya lile dirisha linalovuja. Nikaona nguzo ya mlango anayoigonga, na alama ya bluu kwenye bega lake la kushoto. Nikamwambia Nesi sijui. Nilikuwa nasema kweli, na nilikuwa nadanganya, kwa pamoja.

Maji matamu ya kuoga, niliyoyaota siku mbili. Yalinipita mwilini wala sikuyasikia.

Kurudi, nilisimama mbele ya injini nikasema nipishe. Akasema kaa chini. Nikasema Baba Watoto, nipishe leo. Akasema kaa chini, mama, watu wanatutazama. Nikakaa chini. Kelele akatangulia na boti yao, na kila kona akawa anainua mkono juu, kulia, kushoto, bila kugeuka nyuma, kama anajinyoosha tu. Baba Watoto akamfuata. Mluzi ulikuwa umekwisha.

Maji yalikuwa yanatoka kwa kasi sasa. Kwenye ile njia panda pana tulikwenda kushoto mno, boti ikapanda juu ya tope, ikakaa. Alishuka kusukuma, akazama hadi magotini. Akavuta mguu, kiatu kikabaki. Wenzetu walikuwa wameshapotelea nyuma ya kona. Akasimama pale, kiatu kimoja, tope mapajani, ameshika ukingo wa boti, hasukumi tena.

"Najua," akasema.

Nikangoja.

"La kushoto limekufa. Hili jingine linabana pembeni, kama unatazama ndani ya bomba. Presha ya macho."

"Nani kasema?"

"Daktari. Kule bandari iliyopita."

Ile siku aliyosema anatafuta mkanda wa injini! Alirudi na mkanda pia, nakumbuka, alinionyesha. Dawa ya matone anaificha kwenye sanduku la vifaa, chini ya spana. Kila asubuhi anaposema anakwenda kuangalia oili, anajitilia matone. Daktari kamwambia kilichopotea hakirudi, kilichobaki kitunzwe.

Nikamuuliza: na zamu za usiku? Miezi yote hiyo mimi nalala kule chini, nalala usingizi wa mtoto kwa sababu wewe uko juu?

Akasema kwa sauti ndogo:

"Usiku naona taa. Taa naziona."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumfuta tope. Nilikaa tu.

"Ukiwaambia watoto, tutashuka nchi kavu," akasema. "Nikishuka mimi ni nani? Mzee wa dirishani. Nitakaa nihesabu mabasi ya wenzangu."

Kelele akarudi, akatutupia kamba, akatuvuta. Kiatu kimebaki kule.

Alhamisi, 6 Machi

Mwili wote unauma. Nimelala mchana. Hatujazungumza isipokuwa chumvi iko wapi, iko pale.

Alipokuwa bafuni nilifanya jaribio. Nilifunga jicho la kushoto kwa kitambaa, la kulia nikaliwekea ngumi kama bomba, nikatembea kutoka nyuma hadi mbele. Niligonga mlingoti. Mlingoti! Mti mnene kama mtu, ninaoupita kila siku. Nilikaa chini nikiwa nimeshika paji la uso, nikafikiria yeye huko juu gizani, meli za mizigo zinapita, na anapiga mluzi.

Kuna kingine, na kwa kuwa hapa hakuna anayesoma nitakiandika. Niliposikia neno presha ya macho, kabla ya hofu, kabla ya hasira, kuna kitu ndani yangu kilikaa kitako na kupumua. Kikasema: basi, sasa tutarudi nyumbani. Kitanda kikavu. Mjukuu. Bomba la maji. Nimeomba sababu ya kushuka tangu mwaka juzi, na sababu ndiyo hii. Nimeipata. Sikuitaka hivi. Lakini kile kitu kilipumua, na nilikisikia.

Ijumaa, 7 Machi

Leo alileta matone mezani mwenyewe. Akayaweka mbele yangu kama mtoto aliyeleta ripoti ya shule. Akijitilia mwenyewe, nusu ya dawa inaishia shavuni, kumbe! Nikamwambia laza kichwa. Akalaza mapajani mwangu. Nikavuta kope, tone, nikangoja, jicho la pili. Jicho lile lililozima ni zuri kama lile jingine. Hilo ndilo linaniudhi. Huwezi kuona kasoro.

Nywele zake zimepungua.

Kisha akaharibu. Akasema kafikiria: yeye atashika mchana, mimi nishike usiku wote. Nikamuuliza nilale lini? Akasema utapitiwa pitiwa. Nikamwambia mimi si ng'ombe, nisinzie nimesimama. Akasema basi yeye atakuwa jicho la mchana. Nusu jicho, nikamwambia. Nilijuta hapo hapo. Akainuka, akaenda kuangalia oili. Oili ya kweli safari hii, nadhani.

Alasiri Nesi na Kelele wakaja. Hawakuzunguka. Nesi kasema katika mji huu kuna kliniki ya macho, si mbali na soko, apimwe tena kwanza, bahari haihami. Baba Watoto akasema upepo unahama. Kelele akatoa wazo: wao nao waondoke Jumamosi, watangulie, wawashe taa kubwa nyuma ya mashua yao, sisi tuifuate taa. Baba Watoto akasema hapana. Yeye havutwi kama mbuzi wa mnadani.

Kelele akanywa chai yake yote. Akaweka kikombe katikati ya meza, mbali na ukingo.

"Basi ondokeni," akasema. "Ila mimi sitawapungia mkono."

Wakashuka kwenye boti yao. Nesi alinibana kiganja. Hakusema dada usiende. Angesema ningelia, na nimechoka hata kulia.

Nimepakia maji, mchele, betri. Nimefunga kila kitu kinachoweza kudondoka. Mikono inajua kazi, haiulizi. Bado sijasema naenda wala siendi.

Jumamosi, 8 Machi

Upepo mzuri. Ndio upepo aliousubiri, kiasi, wa nyuma, mbingu safi hadi mwisho. Ungekuwa mbaya ningeshukuru.

Injini inaunguruma. Naandika nikiwa nimekaa huku mbele kabisa, juu ya sanduku la mnyororo, daftari gotini. Kazi yangu ni kuvuta nanga. Yake ni usukani. Amevaa kofia na shati safi. Kutoka pale alipo, anadhani nasafisha tope kwenye mnyororo. Haoni kama naandika.

Kwenye mashua ya kijani wote wawili wamekaa nje. Hawapungi mkono. Nesi kashika kikombe, hanywi.

Ameita mara ya kwanza: "Mama Watoto! Vuta!"

Nikasema bado.

Ameita tena. "Imekwama?"

Nikasema haijakwama.

Naitazama hii mashine ya kuvutia. Mkono mmoja tu wa chuma, unausukuma mbele na nyuma, mnyororo unapanda. Nimeusukuma bandari ngapi. Leo nimeuwekea mkono nikauondoa. Sijamwambia siendi. Nikimwambia siendi, ataondoka peke yake — namjua, kwa kiburi tu ataondoka. Nikivuta, nimekubali siku tano. Kwa hiyo sivuti wala sisemi. Nimekaa tu kama gunia. Huu ndio ujasiri niliobakiwa nao, kukaa.

Injini imezimwa.

Kimya cha ghafla. Anakuja. Namsikia kabla sijageuka: hatua, hatua, na mkono wa kushoto unapapasa kamba ya pembeni, unaachia, unapapasa. Sijawahi kuisikia hiyo sauti. Au imekuwepo siku zote na mimi nilidhani ni mashua.

Amefika. Nimemsogezea nafasi, akaketi, kulia kwake nipo mimi. Ananukia sabuni. Ameona daftari sasa, hajauliza. Maji yanagonga ubavuni taratibu.

Nilidhani atanigombeza. Niliandaa hata majibu.

Badala yake ananyoosha kidole kule kwenye mlango wa ghuba, panapofunguka bahari. Anakaza uso.

"Hebu niambie," anasema. "Pale kuna nini na nini?"

Miaka saba. Hajawahi kuniuliza hivyo. Yeye ndiye wa kunionyesha mimi: ona kule, boya, ona kule, meli.

Nimeuliza unataka yote? Amesema yote.

Nanga bado iko chini. Naweka kalamu, nimwambie kimoja kimoja, kuanzia kushoto.